Brashi Mia Tisa kwa Kurasa Nne

Jumapili, 6 Oktoba
Bi Hafsa, mhariri wa jarida la watoto, amepiga simu kutoka Aljeri. Anataka hadithi ya picha, kurasa nne, ifikapo Alhamisi. Nafasi ni moja. Wachoraji humu ndani ni wawili: mimi na mke wangu Tassadit. Tutume sote, atachagua. Vita! Tassadit kaanza hapo hapo kwenye meza ya jikoni, sardini zikiwa motoni. Maskini. Programu ya miaka saba, brashi moja ya duara. Mimi kwanza natafuta programu ya hadhi yangu.

Jumatatu, 7
Nimejaribu tatu. Ya kwanza rangi tamu, mistari inatetemeka. Ya pili mistari safi, ila ukiandika Kiarabu herufi zinaachana kama wanandoa waliogombana. Ya tatu ni ya bure, toleo jipya la ile ya Tassadit, na ina brashi mia tisa! Mojawapo ni ya kuchorea manyoya ya paka. Hadithi yangu haina paka. Atakuwemo. Tassadit kamaliza ukurasa wa kwanza. Pupa.

Jumanne, 8
Nimepanga upya vitufe kwa kufuata video. Mwalimu kibodi yake si kama zetu. A yake imekaa kwenye Q yangu. Sasa kitufe cha brashi kinafuta wino wote. Nitazoea. Mama mkwe, Nna Ouardia, kaleta kesra, mkate wetu wa kukaangia. Akachungulia, akauliza mchoro uko wapi. Nikamwambia nauandalia makao. “Mwanangu, zizi unajenga, mbuzi hujanunua!” Nikaila kesra yote kulipiza kisasi.

Jumatano, 9
Nimegundua! Siri si mkono wa Tassadit, ni mipangilio ya programu yake. Alipokwenda sokoni nikachomeka flashi kwenye kompyuta yake nikanakili. Dakika mbili tu. Alasiri, ukelele jikoni: “Zoubir! Nimegusa brashi tu, ukurasa wote umefutika!”
Nilinakili kinyume. Mipangilio yangu iliyokuwa kwenye flashi ndiyo iliyoingia kwake, na programu ilishajihifadhi yenyewe. Nilitaka kusingizia umeme. Nikaona macho yake yamelowa. Nikakiri.
Akacheka mpaka akashika meza. “Si ungeomba tu, bwana wee! Ningekunyima? Kaa hapo, menya makomamanga, na usiguse kitu.”
Nikamenya sita. Akachora upya kwa saa tatu. Huu mpya ni mzuri kuliko uliopotea. Inauma kuandika hivyo.

Alhamisi, 10
Tassadit katuma kurasa nne. Mimi nimetuma paka mmoja. Bi Hafsa kamchagua Tassadit. Kuhusu paka, aliuliza kama ni zulia.
Halafu Tassadit akaniomba nizitie rangi zile kurasa. Eti kwa rangi sina mpinzani mji mzima. “Majina yetu yakae pamoja. Au waona haya?” Nilikwenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Jumamosi, 12
Rangi zinatakiwa kesho asubuhi. Nimekoma kabisa: brashi ni upuuzi, kazi kwanza. Ila rangi isiyo na jina utaikumbukaje? Tangu alfajiri nazipa majina. Nimefika ya mia mbili na sita, “kijani cha koti la mjomba Akli.” Zimebaki kama elfu. Tassadit kauliza nimefika ukurasa wa ngapi. Nimemwambia asiniharakishe, mambo yamepamba moto.