Ombi la Mguu wa Kukanyagia Breki

Kwa Bwana Meneja wa Kambi,

Shikamoo mkuu. Mimi ni yule mbeba zege uliyenikabidhi pikapu kuukuu ya kuletea maji baada ya dereva kuacha kazi. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo nitasema bila kuzunguka: breki za pikapu ni laini kama uji. Jana nilisimama baada ya kugusa ukuta wa ofisi yako. Ulikuwa ndani, nadhani ulisikia.

Nimechunguza kabla ya kulalamika. Mafuta ya breki yamejaa kikopo. Nimelala chini ya magurudumu yote manne, sikuona tone linalovuja. Ukikanyaga mara moja, pedali inazama mpaka sakafuni. Ukikanyaga mara tatu mfululizo inakaza, na ukiishikilia haizami tena. Basi ugonjwa ni upepo ulioingia kwenye mabomba, na upepo hutolewa na watu wawili. Mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine yuko chini analegeza nati, upepo unatoka, anaikaza. Wa juu akiachia mapema, upepo unarudi na kazi inaanza upya. Malalamiko yangu yanamhusu huyo wa juu.

1. Mpishi alikuja kwa moyo mweupe. Mboga zilipoanza kuungua akaniambia, “Breki zako haziliwi, ndugu yangu,” akaachia, akaenda zake.

2. Karani alikataa kukanyaga mpaka kila “kanyaga” iandikwe na kupigwa muhuri.

3. Mlinzi ana mguu mzito na anashikilia kuliko wote. Tatizo haachii, kwa sababu anakuwa amelala.

4. Yupo mtu mmoja tu anayefaa, naye umemkataza. Kwenye ubao wa getini umeandika kwamba familia haziruhusiwi kambini. Mimi na mke wangu tuliwahi kutoa upepo kwenye breki za gari la shemeji, magurudumu yote, kabla chai haijapoa. Nikisema shika, anashika. Nikisema achia, anaachia, ingawa kwa mambo mengine sijamwona na utii huo. Na mtu aliyeshikilia nyumba na watoto watatu peke yake miaka miwili bila kuachia, atashindwa na pedali?

5. Kwa hiyo naomba aje. Kazi hii haitaki haraka. Gurudumu moja kwa wiki linatosha, kisha tunarudia kwa usalama, mpaka mradi uishe. Stoo ya mifuko mitupu ya saruji itatufaa, ila iwekwe komeo kwa ndani, maana mafuta ya breki hayataki vumbi.

6. Watoto hawawezi kubaki peke yao. Waje, wataweka mawe nyuma ya magurudumu. Mama mkwe abaki. Breki hazihitaji mkaguzi.

Ukikataa sitagoma. Nitaendelea kuleta maji, nawe endelea kukaa mbali na ukuta ule.

Wasalimie wote ofisini, na zaidi mama wa nyumbani kwako, ambaye kila asubuhi tunamwona akianika nguo kwenye nyumba ya juu ya kambi. Pengine ubao wa getini hausomeki kutoka huko. Gari lako linasimama vizuri, nami nimeelewa sababu.

Ni mimi ninayekanyaga mara tatu,
Mleta maji

Nyongeza: Barua imekaa mfukoni siku nne nikikusubiri urudi safari. Uongo siupendi. Jumanne mlinzi alishikilia akiwa usingizini, mpishi akawa anamfinya kila niliposema achia, karani akagonga muhuri kwa kila gurudumu. Sasa pedali ni ngumu kama jiwe na barua hii haina kazi tena. Ila mke wangu nilishamwambia umekubali. Basi linafika kesho saa nne, na watoto wote wamo. Mama mkwe naye yumo. Naomba ile stoo. Ukisita, spana ya kulegezea nati bado ninayo.