Kinyang'anyiro cha Sindano ya Ganzi

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa idara ya usingizi ametangaza. Kuanzia sasa watoto wote wa upasuaji wa matundu madogo ya tumboni watachomwa ganzi ya neva, wazinduke bila maumivu. Anatafutwa kiongozi wa kitengo: ambaye watoto wake wataumwa kidogo zaidi wiki hii. Tuko wawili. Mimi, na daktari mwenzangu ninayemwita Bi Mashine, ambaye hainui sindano mpaka aione neva kwenye altrasaundi. Mimi miaka kumi na tisa naitafuta kwa vidole! Nilimwomba mke wangu asinitangaze bado. Kumbe ameshampigia mama yake. Mama mkwe sasa ananiita Mheshimiwa Mkuu.

Jumanne, 5 Machi
Balaa. Mtoto wangu wa kwanza ameamka akipiga mayowe hadi mlinzi wa getini akaja kuchungulia. Nesi akamwonyesha ile karatasi ya kupimia maumivu, yenye nyuso sita, kuanzia uso unaocheka hadi uso unaobubujikwa na machozi. Mtoto akagusa wa mwisho, kisha akauliza kama hakuna mwingine mbaya zaidi. Watoto wa Bi Mashine wameamka wakiomba uji. Akanishauri kwa upole nijaribu altrasaundi, eti hata yeye alianza kwa kubahatisha. Kubahatisha! Nikatabasamu huku natokota.

Jumatano, 6 Machi
Nimegundua. Sindano haina tatizo. Tatizo ni karatasi. Watoto hawaandaliwi! Nimekaa wodini na binti wa miaka sita, atafanyiwa upasuaji wa ngiri kesho. Nimemfundisha akiulizwa aguse uso unaocheka. Tumefanya mazoezi mara kumi. Mama yake akanishukuru kwa kumjali mwanawe. Niliona haya kidogo, zikapita.

Alhamisi, 7 Machi
Mungu wangu. Binti amezinduka anatetemeka, machozi tiririri, ameng'ata shuka. Nesi akamuuliza anaumwa kiasi gani. Kidole moja kwa moja kwenye uso unaocheka. Akaulizwa tena. Unaocheka. Nikamwambia nesi aandike basi, mtoto haumwi. Nesi akanitazama kuanzia viatu. Akamwinamia mtoto, akamuuliza mbona analia. Kwa kwikwi akasema anaumwa sana, ila daktari alimwambia aguse huyu. Mama yake alikuwa mlangoni. Alinigeuzia mgongo, akaenda kumshika mwanawe mkono. Afadhali angenitukana.

Bi Mashine akaitwa, akamtuliza, akachoma ganzi upya kwa altrasaundi. Haikupita nusu saa mtoto akasinzia. Mimi nilijificha stoo ya mashuka. Niliona aibu, aibu ya kweli.

Ijumaa, 8 Machi
Kiongozi ni Bi Mashine. Mimi nitakaa naye miezi mitatu nikitazama tu, sindano nisiguse. Nani atamwambia mama mkwe? Mke wangu amekataa.

Nimelitafakari jambo hili kwa unyenyekevu mkubwa, na kosa langu nimeliona. Yule binti nilimfundisha kugusa tu. Kutolia sikumfundisha.