Picha Iliyolala kwa Ubavu

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimezaliwa upya! Mzee Lenzi, aliyeendesha mitambo ya sinema miaka thelathini mpaka jumba lao likafungwa, kaja kunywa chai akanipa historia ya skrini kubwa. Zamani, anasema, runinga ilipoanza kuwaiba watazamaji, wenye majumba walipanua skrini. Wengine walitumia mitambo mitatu kwa picha moja, na maungio yakaonekana. Halafu mwaka 1970 ikaja filamu pana ya milimita sabini iliyopita kwenye mtambo ikiwa imelala, si kushuka wima kama nyingine. Imelala! Picha ndefu kama ghorofa, na bado unahesabu kope za mtu!

Chai ilinipoa mkononi. Ukumbi wangu wa video una viti arobaini. Wiki iliyopita walikuja sita, mmoja akikwepa mvua. Mama mkwe, mwenye chumba, ameshatoa neno: Jumamosi viti visipojaa, chumba anapewa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, aweke vyerehani vyake. Vyerehani! Mahali pa sinema!

Jumanne, 4 Machi
Nimetoa mashuka manane kabatini. Mke wangu akauliza tutalalia nini. Nikamjibu kwamba historia haiulizi habari za mashuka. Hakucheka.

Nani wa kuyaunga? Shemeji. Nikajikaza kisabuni nikaenda kumwomba. Alikubali haraka mno. Alipokuja kupima ukuta alipima na madirisha, kisha akaweka alama ya chaki pale atakapoweka meza ya kukatia. Nikajifanya sioni.

Alhamisi, 6 Machi
Skrini imepanda, sakafu mpaka dari! Nimerudisha projekta nyuma hadi mlangoni ili picha ijae. Imejaa. Imefifia pia, na uso wa mwigizaji umekuwa vigae vitupu, pua huku, jicho kule.

Mzee Lenzi akasema ukubwa haukuwa ukutani, ulikuwa kwenye filamu yenyewe. Kila picha ndani yake ilizidi ile ya kawaida karibu mara kumi, ndiyo maana ilikuzwa bila kuharibika. "Wewe mwanangu rangi ni kopo lile lile, ukuta ndio umeongeza," akasema.

Hapo mimi nilishaacha kumsikiliza. Filamu ile ilikuwa imelala! Projekta yangu miaka yote imekaa wima! Nimeilaza kwa ubavu, nikaibana kwa matofali mawili. Kuijaribu? Kwa nini? Nani anajaribu jambo lililo wazi?

Jumamosi, 8 Machi
Walikuja arobaini kamili! Kipaza sauti nilichozunguka nacho mtaani tangu jana kimefanya kazi. Mama mkwe kakaa kiti cha mbele, mkoba mapajani. Madirisha nimeziba, nikawasha.

Farasi wakaanza kupanda ukuta. Walitoka sakafuni wakatokomea darini, wapanda farasi wakining'inia ubavuni mwao. Mto ukasimama wima. Kisha muuza mkaa akainamisha kichwa, na mstari wake wote ukainama naye. Fundi baiskeli akashuka kitini, akalala sakafuni, akatangaza kwamba hapo picha iko sawa. Aliyelala ubavu mwingine akalalamika kwamba anaona watu kichwa chini, akageuzwa. Dakika kumi baadaye karibu wote wako chini, wanacheka, wanashangilia! Sijawahi kuona furaha kama ile. Nilitokwa na machozi.

Taa zilipowaka, mama mkwe akasimama akahesabu viti. Makubaliano yalikuwa viti vijae, akasema. Kilichojaa ni kimoja, chake.

Jumapili, 9 Machi
Vyerehani vitano vimeingia. Nimevibeba mimi. Mashuka yangu yamekatwa mapazia, na mke wangu haongei nami. Inauma. Nilikaa nje nikaangalia ubao wangu wa matangazo ukigeuzwa kuwa meza ya pasi.

Mzee Lenzi kaja kunipa pole. Akasema ningeisimamisha tu projekta na kuisogeza mbele, picha ingekuwa ndogo lakini safi, na watu wangekaa vitini. Nikaitikia kwa adabu. Halafu, katika kunifariji, akataja kwamba filamu zile kubwa zilioneshwa pia ndani ya kuba, picha ikiwa juu ya vichwa vya watu.

Juu!

Shemeji kapewa sakafu na kuta. Dari hakuna aliyelitaja. Na watazamaji wangu wameshajua kulala.

Naenda kwa jirani kuomba mashuka.