Alama Kumi Ambazo Binti Yangu Hakustahili

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Salamu kwako na kwa wote wanaokalia viti vya ofisi yako. Mimi ni fundi vioo, baba wa yule binti wa darasa la tano anayekaa dawati la mbele. Najua wazazi wengine huja kwako kulia kwamba watoto wao wamenyimwa alama. Mimi nalia kwa sababu wangu amepewa. Mwalimu wa hesabu amempa kumi juu ya kumi kwenye zoezi la desimali, na kwa alama hizo za dhuluma amemchagua kwenda kwenye mashindano ya shule Ijumaa hii. Hatuna kitu, lakini vya watu hatuli. Sitatia sahihi fomu ya ruhusa mpaka yafuatayo yarekebishwe:

1. Kwenye mstari wa namba, binti ameweka 0.35 katikati ya 0.3 na 0.4. Mwalimu akapiga tiki. Tena kubwa! Jamani, thelathini na tano ni mtu mzima, ana ndevu. Unamkalishaje kati ya mtoto wa miaka mitatu na wa miaka minne, halafu unasifu?

2. Namba 0.125 imewekwa nyuma ya 0.2. Nilimuuliza binti kwa upole kabisa, kwa sauti iliyofika kwa majirani, mia moja ishirini na tano imepungukiwa nini hata ishindwe na mbili. Akanijibu eti tutazame kwanza sehemu za kumi, moja na mbili, hizo nyingine zingoje zamu yao. Hiyo ndiyo adabu mnayowafundisha, mia nzima ipange foleni!

3. 0.5 na 0.50 zimewekwa mahali pamoja. Mwalimu ana watoto hamsini darasani. Nikimwachia watano, atasema ni wale wale?

4. Mtoto wa kinyozi, jirani yetu, aliweka 0.35 baada ya 0.4 kama mtu mwenye akili zake timamu, akaambulia mbili. Huyo ndiye aende Ijumaa. Alama zao zibadilishwe, binti yangu apewe mbili zake, na mwalimu aombe radhi mbele ya shule nzima, akiwa amesimama kwenye sifuri ya huo mstari wake.

5. Mama watoto amehamia upande wa mwalimu. Tangu jana ananisalimu kama mteja. Nyumba ya miaka kumi na minne inatikiswa na kinukta!

Naamini hutauona huu kuwa ugomvi. Nisalimie walimu wote, mlinzi wa getini, mpishi, na huyo wa hesabu pia, kwa kipimo atakachochagua mwenyewe.

Ni mimi, mzazi asiyependa vya bure,
Fundi Vioo

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaifunga barua hii nilipoitwa kwenda kuweka kioo kwa muuguzi. Dirisha lake lina upana wa mita 0.6. Nikaacha kioo kilichoandikwa 0.6, nikabeba cha 0.58, nikijua hicho ndicho kikubwa, nitakipunguza huko huko. Kilipita kwenye fremu bila kugusa popote, kikaenda kuvunjikia uani. Binti ndiye aliyekuwa amenishikia ngazi. Hakucheka. Angecheka ningepata nafuu. Alichukua chaki yangu, akachora mstari ukutani, akaandika 0.6 kuwa 0.60, akaiweka 0.58 nyuma yake, kisha akaniuliza taratibu kama nimeumia. Nimeona aibu, mwalimu, lakini fahari niliyoiona ni kubwa zaidi. Kesho ndiyo Ijumaa na sina muda wa kuandika barua nyingine, kwa hiyo hii tafadhali anza kuisomea hapa. Fomu imo humu ndani. Nimetia sahihi kila palipokuwa wazi, hata palipoandikwa "kwa matumizi ya ofisi tu".