Ploti Namba Saba Haikuwa Pale

Jamani, leo nimeaibika. Nimeaibika mchana kweupe kule Sapiwi, mbele ya meneja wangu, mbele ya mkaguzi, na mbele ya ng'ombe kadhaa ambao nahisi hata wao walinionea huruma. Nimesharudi Bariadi mjini. Nimevua buti, nimekaa kitandani, naandika. Bora mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwa watu.

Kwa asiyejua kazi yangu: niko kwenye kampuni ya kupanda miti. Mikaratusi, ya nguzo. Cheo changu ni ofisa wa bioanuai. (Baba, anayeuza vitenge sokoni, huwaambia wateja mimi ni "bwana miti". Nimechoka kumsahihisha.) Ukipanda mti wa aina moja eneo kubwa vile, wanunuzi wanauliza: na viumbe wengine je? Kwa hiyo kampuni hujiwekea malengo. La kwetu lilikuwa hili: mwaka wa kwanza tuhesabu aina za mimea ya asili na ndege zilizomo ndani ya shamba, na baada ya miaka mitatu aina hizo ziwe zimeongezeka kwa theluthi. Kupima kunafanywa kwa ploti. Unachagua mraba, unapigilia vigingi vinne vyekundu kwenye pembe zake, na kila mwaka unarudi kuhesabu kwenye mraba uleule. Nasisitiza: uleule.

Upande wa Sapiwi tuna ploti moja tu, namba saba. Pembeni mwa shamba kuna ngitili ya mzee mmoja, sasa ni marehemu. Kwa wasio Wasukuma, ngitili ni kipande cha malisho kinachofungwa masika yote, ili kiangazi kikibana ndama na ng'ombe waliodhoofika wapate pa kulia. Mzee aliikodisha kwa kampuni pamoja na shamba lake, kwa sharti lililoandikwa: ngitili isiguswe, familia iendelee kuitumia, mpaka lengo la bioanuai lifikiwe ndani ya mikaratusi yenyewe. Likifikiwa, kampuni ina haki ya kuilima na kupanda miti.

Na kwa mujibu wa ripoti yangu, lilikuwa limefikiwa. Tena limepitwa.

Leo mkaguzi alikuja kuthibitisha. Akithibitisha, trekta linaingia ngitili wiki ijayo. Mtaniuliza kama nilikosa usingizi kwa hilo. Nililala fofofo. Nilijiambia takwimu ni takwimu, mimi nahesabu tu, anayelima ni mwingine.

Tumefika asubuhi, watu watatu. Mjane wa yule mzee, Mayu Minza (mayu ni mama), alikuwa amesimama kando ya ngitili na fimbo yake, ng'ombe nyuma yake wakielekea majini.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia. (Kisukuma changu ni cha sokoni, lakini salamu naiweza.)

"Mwangaluka, ng'wanawane. Umekuja na wageni," akasema, akiniita mwanangu.

"Ndiyo, mayu. Ni ukaguzi kidogo."

"Na trekta linakuja lini?"

Nikajifanya natafuta kalamu.

Basi nikawaongoza kwenye vigingi vyangu. Vinne, vyekundu, vimesimama wima. Ndani yake pamejaa: migunga michanga, mkwaju, vichaka ambavyo majina yake nimejifunza kwa jasho. Tetere analia. Kigong'ota anagonga. Nikasimama katikati, mkono mmoja kiunoni, nikaanza kumwaga ripoti bila hata kuitazama.

"Kama mnavyoona, aina za mimea ya asili zimeongezeka kuliko lengo. Mikaratusi michache iliyokuwepo imezidiwa na uoto wa asili."

Meneja akaitikia kwa kichwa kama mzazi siku ya mahafali. Mimi nikaongeza mkono wa pili kiunoni.

Mkaguzi ni mtu mpole, haongei sana. Akatoa kifaa chake cha GPS, akakiangalia. Akaangalia fomu yangu. Akaangalia kifaa tena. Halafu akaanza kuondoka. Akapanda kamwinuko, hatua kama hamsini, akaingia kwenye mikaratusi na kusimama.

"Ploti namba saba iko hapa," akasema.

Nikacheka. (Naomba mkumbuke kwamba nilicheka.)

"Kaka, hicho kifaa bado hakijashika vizuri. Vigingi si hivi hapa?"

"Namba ulizoandika kwenye fomu ni za hapa. Mwaka huu, mwaka jana, zote."

Hapo jasho la kwanza likanitoka. Ukweli ni kwamba ploti hii ilipigiliwa na mwenzangu aliyenitangulia, ambaye baadaye alihama kazi. Mimi nilipoanza nilionyeshwa kwa mkono tu, vigingi vile pale, nikavikuta, nikadhani shamba linafika mpaka hapo, nikahesabu. Namba za GPS sikupima. Nilizinakili kutoka kwenye fomu yake. Miaka miwili yote. Nilikuwa na kifaa mfukoni, kina chaji, na nilinakili.

"Labda kuna mtu aliviiba akavihamisha," nikasema, kwa sauti ya ofisa aliyedhulumiwa.

"Aviibe nani?" Ilikuwa sauti ya Mayu Minza. Alikuwa ametufuata taratibu. "Hakuna aliyeiba. Alivihamisha mzee wangu."

Meneja akageuka. Wote tukageuka.

"Vilikuwa katikati ya njia ya ng'ombe wanaokwenda majini," akaeleza. "Vile vifupi, vimejificha kwenye majani. Fahali wetu alijikwaa, akavunjika mguu, tukamchinja. Mzee akaving'oa. Lakini akasema, hivi ni mali ya watu, wamevipigilia kwa kazi yao, siwezi kuvitupa. Akachukua kamba, akapima kimoja mpaka kingine, akavisimamisha vilevile huku ngitili, mahali pazuri ambapo havisumbui. Alitaka kuwaambia. Akaja kuugua."

Mimi nilikuwa nakumbuka jinsi nilivyovisifia vile vigingi kwenye ripoti, kwamba "viko imara".

Ingeishia hapo ningesema nimeumbuka kiasi. Haikuishia.

"Mimi nikajua kumbe unakuja kuhesabu miti ya mzee," akaendelea, akinitazama mimi. "Maana kila mwaka unaingia humo, unaandika, unafurahi. Nikawaambia watu, huyu kijana wa kampuni anaijali ngitili yetu. Sasa mgeni akija, si unafagia? Kwa hiyo mwezi wako ukikaribia nawatoa ndama kabisa kwenye hicho kipande, pastawi, usikute pamekanyagwa. Hata rangi ya vigingi nilirudishia. Ilikuwa imebaki kwenye kopo la kuandikia namba za ng'ombe."

Kwa hiyo ongezeko langu lile, lililonifanya nisimame mbele ya wakubwa na slaidi na kupigiwa makofi, lilikuwa ni bibi mjane aliyewaondoa ndama wake kwa heshima yangu. Mikaratusi haikuhusika hata kidogo. Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Ardhi ya Sapiwi ni ngumu, hasa kiangazi.

Mkaguzi akasema, kwa upole uleule, "Basi tuhesabu hapa. Ploti halisi."

"Nani ahesabu?" nikauliza.

Meneja akanitazama. Nikaelewa ni nani.

Nikaingia kwenye mikaratusi, nikapiga magoti. Majani makavu, magome makavu, udongo mtupu. Nikafukua huku, nikafunua kule. Nilitambaa mraba mzima, ofisa mzima, na suruali ya kukutania na wageni. Nikapata kamche kamoja ka mgunga, kamenyong'onyea.

"Aina?" mkaguzi akauliza, kalamu tayari.

"Moja," nikajibu.

"Sawa. Ndege."

Ndege hupimwa kwa kusimama katikati dakika kumi, kimya, ukisikiliza. Tukasimama. Meneja, mkaguzi, mimi, na Mayu Minza aliyejifunika kitambaa kichwani kwa sababu alidhani tunasali. Dakika ya kwanza, kimya. Ya tatu, kimya. Ya tano tumbo langu likanguruma, na mkaguzi akainua kalamu kisha akaishusha. Kwa mbali, kule ngitili, tetere akaanza.

"Yule pale!" nikanong'ona.

"Yuko nje ya ploti," akasema.

Tukamaliza dakika zetu. Nawaambieni ukweli, hapo mzaha ulinitoka. Nilikuwa nimesimama mahali ambapo karatasi yangu ilisema pamejaa uhai, na hapakuwa na hata panzi. Na pale palipojaa uhai, mimi ndiye niliyekuwa nimeandika karatasi ya kupalima. Ningeweka saini ileile wiki ijayo na kwenda kunywa chai. Niliona aibu, na haikuwa ile ya kuchekwa.

Mkaguzi akafunga daftari. "Lengo halijafikiwa. Kwa sharti lenu wenyewe, ngitili inabaki kama ilivyo. Na ripoti zote za ploti hii zifutwe, kazi ianze upya."

"Tutaongea ofisini," meneja akaniambia, macho yakiwa kwenye buti zangu.

Tukaanza kurudi kwenye gari. Mayu Minza akanishika mkono, akanivuta kando.

"Sikuelewa maneno yote ya yule bwana. Trekta linakuja?"

"Haliji, mayu."

"Haliji kabisa?"

"Haliji, kwa sababu nilikosea. Nilipima pasipo penyewe."

Akaitazama ngitili, kisha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akapiga goti kidogo, yeye mwanamke mzima wa umri wa bibi yangu, mimi mtoto wa muuza vitenge mwenye udongo magotini.

"Wabeja, ng'wanawane. Asante sana. Nilijua tu wewe utatusaidia."

Nikashindwa kumwambia kwamba sikumsaidia. Nikaitikia "asante" kama mjinga, nikapanda gari.

Mkitaka kucheka, chekeni ile ya kutambaa na ile ya tumbo. Hiyo ya mwisho niachieni, bado inaniuma.