Bendera Nyeupe ya Ntate Sempe

Ntate Sempe, yaani Baba Sempe kwa Kisotho, hakuwahi kufanya kazi ya jasho maishani mwake, na hakuona sababu ya kuanza uzeeni. Siku hiyo alikuwa amesimama kando ya stendi ya Maseru, Lesotho, andazi mkononi, akisikiliza mazungumzo yasiyomhusu. Mkate wake wa kila siku ulitoka humo. Dereva wa gari la vipimo alikuwa akimlalamikia muuza maandazi.

"Pesa zipo, 'm'e, mama yangu! Nchi zote hizi za kusini zimechanga mfuko wa kupambana na kifua kikuu cha wachimba migodi. Jumamosi wakubwa wa mfuko wanakuja kutafuta mtaa ambao watu wake wanajitokeza wenyewe kupimwa. Kikundi chenye watu kitapewa fungu. Sasa hao watu wako wapi? Tukifika tu, kila mwanamume anakumbuka ana ng'ombe mlimani."

Sempe alisahau kutafuna. Fungu! Kikundi hakuwa nacho, lakini uenyekiti aliuona tayari, tena ulimkaa vizuri. Kilichopungua ni watu, na watu wa mtaa wake aliwajua. Hawajitokezi kwa ajili ya serikali, hawajitokezi kwa ajili ya afya. Wanajitokeza kwa ajili ya bendera nyeupe.

Jioni hiyo akabisha hodi kwa 'M'e 'Mamosala, mpika pombe ya mtama ambaye bendera yake nyeupe ikipanda mlingotini, mtaa mzima huja na makopo.

"'M'e wangu, Jumamosi pandisha bendera mapema," alisema Sempe. "Wageni wanafika, wanaona foleni ndefu, kila mtu na kopo lake, wengine wanakohoa. Watafikiri wamekuja kutoa makohozi. Wanalia kwa furaha, wanatupa fungu, tunagawana."

"Na wakiwauliza watu?"

"Wakubwa hawaulizi, 'm'e. Wakubwa wanapiga picha."

'Mamosala alitazama mlangoni. Mumewe, Khoabane, alikuwa amekaa nje kwenye jua la jioni amejifunika blanketi. Alirudi kutoka migodi ya dhahabu ya Welkom, Afrika Kusini, na kikohozi ambacho alikiita vumbi. Vumbi hilo lilikuwa limemla mpaka suruali ikawa inashikiliwa na kamba, na usiku alilowesha mashuka kwa jasho. Mkewe alimwomba akapimwe, akamlilia, akamnunia. Khoabane alijibu kwamba akikutwa na ugonjwa, mgodi hautamwita tena, na mambo yakaishia hapo. 'Mamosala alikuwa ameanza kuogopa kumwamsha asubuhi.

"Haya," alisema. "Lakini bendera ikipanda bila pombe watanivunjia nyumba. Pombe yote nunua wewe, ulipe leo. Na foleni naipanga mimi, uwanja ni wangu."

Kutoa pesa kulikuwa kinyume na dini ya Sempe. Lakini alifikiria fungu, akafumba macho, akamkabidhi akiba yake yote ya majira ya baridi.

Jumamosi bendera ilipepea, na watu wakaja kama walioitwa kwa majina. Gari la wageni lilipokata kona, foleni ilikuwa imeshafika barabarani. Daktari Chilufya, Mzambia mwenye miwani, ndiye aliyeongoza msafara wa mfuko. Alishuka akashika kifua.

"Wote hawa wamekuja wenyewe?"

"Wenyewe kabisa, daktari," alisema Sempe, huku mkono ukiwa kifuani. "Mimi mwenyekiti wao nimewaelimisha nyumba kwa nyumba, mpaka viatu vimeisha."

"Na vikombe wamebeba vyao!"

"Hatupendi kuwa mzigo kwa mfuko."

Hapo 'Mamosala akajitokeza na upawa wake. "Karibu, daktari. Tulikuwa tunawangoja. Vikopo vya makohozi viko wapi?"

Sempe aligeuka. Huo haukuwa mpango wao. Daktari naye hakungoja kuambiwa mara mbili, akaita gari la vipimo lililokuwa nyuma, na wauguzi wakapanga meza. 'Mamosala akasimama mbele ya pipa la pombe.

"Sikilizeni! Leo pombe ni bure, amelipa Ntate Sempe. Lakini hanywi mtu hapa kabla hajakohoa kwenye kikopo cha muuguzi. Na yatoke kifuani, mate sitaki!"

"Tangu lini?" mzee mmoja alifoka.

"Tangu leo. Kama hutaki, nenda kanywe mtoni."

Watu walinung'unika, lakini neno bure lina nguvu zake, na foleni ikaanza kusogea. Mmoja tu ndiye aliyevuta blanketi lake na kuanza kuondoka. Alikuwa Khoabane.

'Mamosala hakumwita. Alimsogelea Sempe, akanong'ona, "Mwenye nyumba akiondoka, wote wataondoka. Kazi kwako, mwenyekiti."

Sempe aliliona fungu likienda zake ndani ya blanketi. Akalikimbilia.

"Ntate Khoabane, unakwenda wapi?"

"Niache. Wakinikuta na ugonjwa, mgodi basi."

"Kwani mgodi unakuita sasa? Unakohoa mpaka kuku wanahama! Hebu nijibu, mgodini wanachukua maiti?"

Khoabane alipunguza mwendo.

"Hawachukui. Lakini mtu aliyemeza dawa akapona, huyo ana mikono ya kazi. Njoo, mimi natangulia. Nikifa kwa kukohoa, utanicheka."

Sempe akakohoa mbele ya watu wote kwa mbwembwe, kikopo akakiinua juu. Khoabane alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kabla hakijatulia muuguzi alikuwa ameshamwekea kikopo mdomoni. 'Mamosala aliinama kwenye pipa kwa muda mrefu, kama anayetafuta kitu ndani.

Kabla ya kuondoka, daktari alitangaza. Gari litasimama uwanjani hapo kila wiki, dawa ni bure, na 'Mamosala atalipwa posho ya kuwasimamia wagonjwa wakimeza.

"Na fungu la mwenyekiti?" Sempe aliuliza kwa adabu.

"Ah, wenyeviti tuliacha kuwapa pesa, walitutia hasara. Lakini wewe, ntate, umetoa mfukoni mwako! Mpigieni makofi!"

Wakampigia, makopo yakiwa yamejaa.

Majibu yalipotoka, Sempe alikuwa mzima wa afya. Khoabane alikutwa na kifua kikuu, akaanza dawa akimeza mbele ya macho ya mkewe.

Sempe alikaa miezi akipika maneno ya kudai pesa zake. Asubuhi moja ya baridi akayaona yameiva, akaenda. Uwanjani alimkuta Khoabane akipasua kuni, kifua wazi, kamba ya suruali imetupwa, anaimba. Shoka lilipanda na kushuka bila kikohozi hata kimoja.

'Mamosala akatoka jikoni. Aliwatazama wote wawili, machozi yakamlenga.

"Karibu, ntate. Umekuja kwa shida gani?"

Sempe alifungua ule mdomo ambao haukuwahi kumwangusha. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Nimekuja kusalimia tu, 'm'e."