Funguo Zote kwa Clotilde

Jumatatu, 3 Juni 2024
Nimehamisha jukwaa! "Foleni ya Kasumbalesa", pale mtandaoni ambapo madereva wa malori na mawakala wa forodha huambiana kituo cha mpakani kimeamkaje, limetoka kwenye programu ya kizee na kuingia kwenye mpya. Majina yamehama, ujumbe umehama, hata matusi ya mwaka jana. Nimefanya peke yangu, hapa mtaani Bel-Air, Germaine mke wangu akiniletea chai tu. Clotilde na kundi lake la WhatsApp la madereva haohao sasa watanitambua.

Jumanne, 4 Juni
Hakuna anayeingia. Maneno ya siri yamekataa kuhama. Programu ya zamani iliyasaga kwa kinu chake, na mpya haitambui unga huo. Dereva Sudi kapiga simu akiwa foleni: "Vieux André, muzee wangu, mulango inanikatala. Nitayua namna gani kama foleni inatembea?" Nikamwambia ni matengenezo. Akasema kwa Clotilde hakuna matengenezo. Wakihamia kwake wote, jukwaa langu limekwisha.

Jumatano, 5 Juni
Mpango safi. Nimebonyeza kitufe kimoja: kila mwanachama atumiwe barua pepe yenye kiungo cha kuweka neno jipya. Nikalala mchana kama chifu.
Jioni, jukwaa tupu. Nikaangalia anwani zao. Karibu wote wana anwani moja! Ndipo nikakumbuka. Zamani madereva hawakuwa na barua pepe. Walikuja kujiandikisha kwenye cyber, duka la intaneti la hapa mtaani, na mwenye cyber akawawekea yake, kwa wema tu. Mwenye cyber alikuwa Clotilde. Nimempelekea mpinzani wangu funguo zote kwa mkono wangu mwenyewe.

Alhamisi, 6 Juni
Nimekwenda kwake na koti, na hotuba ya kumbembeleza niliyoiandika usiku. Alikuwa anachambua matembele. Akauliza hotuba ya nini. Tangu jana anamtumia kila dereva kiungo chake, mmoja mmoja, kupitia kundi lake. "Papa André, bale ni bantu bangu pia. Unawaza mi naweza kubafungia inje?"
Nikakaa chini. Nilipumua kama mtu aliyetuliwa gunia. Sudi ameshaandika jukwaani: foleni inatembea. Machozi yakanitoka, nikasingizia kitunguu. Hapakuwa na kitunguu.
Akanishauri kila mwanachama aweke anwani yake mwenyewe. Nikakubali kwa moyo wote.

Jumamosi, 8 Juni
Ushauri wa Clotilde ni mzuri, ila una kazi nyingi. Nimepata njia fupi: nimefuta anwani yake kwa wote, nikaweka yangu. Sasa funguo ziko kwa mtu wa kuaminika. Raha iliyoje.
Baadaye nikataka kufungua barua pepe yangu. Neno la siri limenitoka kichwani. Naambiwa nisijali, namba za kunifungulia zimetumwa kwenye anwani niliyotoa siku ya kujiandikisha. Nilijiandikishia kwenye cyber ile ile.
Nimevaa koti. Hotuba ya Alhamisi bado iko mfukoni. Nikirudi, nitawahamishia wote kwenye anwani ya Germaine. Yeye hasahau kitu.